Neno Moja la Mzee Kengele, Mpokea Simu wa Zimamoto ya Zamani

Mzee wetu, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Kengele, alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mpiga pasi wa hoteli, na mama yake aliuza maziwa nyumba kwa nyumba. Husimuliwa kwamba alipozaliwa alilia kwa sauti kubwa hata majirani wa chumba cha tatu wakaitikia. Mkunga akasema, "Huyu hana haja ya kutangazwa, kajitangaza mwenyewe."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kusoma kwa sauti hakuna aliyemfikia, na mwalimu wao alipopata ugonjwa wa koo, yeye ndiye aliyekuwa akiita majina ya darasa zima kila asubuhi. Baba yake alifariki mwaka 1964, na shule ikaishia hapo. Alibeba matofali, akapakia magunia, akalinda duka la rangi, mpaka tarehe 1 Julai 1968 alipoandikwa kazi katika kituo cha zimamoto.

Wengi wenu mnalijua jengo lile. Lilikuwa na milango mitatu myekundu, na juu ya mlango wa kati jiwe lililochongwa mwaka 1931. Marehemu alipenda kueleza kwamba hapo mwanzo hapakuwa na gari wala simu. Palikuwa na pampu ya mkono juu ya mkokoteni, ikisukumwa na wanaume wanane, na mtu mmoja alikaa juu ya mnara kutwa nzima akitazama kama kuna moshi. Baadaye yakaja magari, na mnara ukabaki wa kuanikia mipira ya maji, ikining'inia kama suruali za majitu. Ndani kulikuwa na nguzo ya shaba ya kuteremkia kutoka ghorofani, iliyong'aa bila kupigwa brashi maana suruali za watu ndizo zilizoing'arisha. Nyuma kulikuwa na kota, vyumba kumi vya familia, choo kimoja na bomba moja, na ugomvi wa bomba haukuisha mpaka kota zilipofungwa.

Miaka sita ya kwanza marehemu alikuwa mzimaji wa mstari wa mbele. Tarehe 22 Novemba 1974 paa la ghala la karatasi lilimwangukia, goti lake la kulia likavunjika na halikunyooka tena. Hapo akahamishiwa chumba cha simu, ghorofani, penye dirisha dogo lililofunguka juu ya magari. Kazi yake ikawa kupokea simu, kugonga kengele, na kuwatangazia walio chini. Jina la Kengele lilianzia hapo, na kwa sauti ile aliyojaliwa hakuna aliyeona ajabu.

Ni lazima tueleze jinsi walivyotangaza, maana mambo mengine yote yanatokana na hilo. Pale kituoni neno "moto" halikusemwa ovyo. Mpokea simu akipaza sauti "Moto!" pale dirishani, maana yake ni gari kubwa lenye tangi, watu wote, mbio. Akisema "Kazi!" maana yake ni jambo dogo, labda jalala linafuka, mtu kajifungia ndani, au paka kapanda asikoweza kushuka. Hapo hutoka gari dogo lenye ngazi fupi na ndoo za mchanga, na dereva hana sababu ya kukimbia. Kwa ajili hiyo hata kule kota akina mama walikatazwa neno lile. Uji ulikuwa na "joto," pasi ilikuwa na "joto," na mtoto aliyelitamka neno lenyewe kwa mchezo alichapwa.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Mei 1972, na mama yetu, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua katika hospitali. Alipoletwa kota hakuna aliyekumbuka kumweleza habari za neno. Siku ya tatu akamwandalia mumewe maji ya kuoga, akatoka mlangoni, akaita kwa furaha zote za bibi harusi, "Baba, maji ya moto tayari!" Wanaume watano wakateremka nguzoni, wawili wakiwa na kofia za chuma, mmoja na kiatu kimoja. Mama akasimama na ndoo yake.

"Moto uko wapi?" mkuu wa zamu akauliza.

"Moto gani tena? Ni maji ya kuoga ya mume wangu."

Mkuu wa zamu akavua kofia. "Shemeji, karibu sana. Hapa kwetu maji huwa ya joto." Tangu hapo mpaka mumewe anastaafu, watu wa kituo walimwita Mama Maji ya Joto, naye hakukasirika hata siku moja.

Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja, wa pili, alitangulia mbele ya haki mwaka 1979 akiwa na miaka minne. Kaburi lake liko hapa hapa, na leo baba yake analazwa karibu naye.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alituagiza tusipite haraka.

Watu wa chumba cha simu walikuwa na msemo wao: mwenye moto hasalimii. Maana yake, mtu ambaye nyumba yake inaungua hana muda wa kusema "habari za kazi," anapiga kelele tu. Kwa msemo huo waliwachuja wanaopiga simu za utani. Msemo huo marehemu hakuuanzisha yeye, aliukuta, lakini alipenda kuwafundisha wageni wa kazi, na wakacheka.

Jumatano, tarehe 9 Septemba 1987, saa tisa na dakika ishirini alasiri, marehemu alikuwa zamu. Wiki hiyo kengele ilikuwa imeshushwa ili ipakwe rangi kwa ajili ya mgeni mkubwa aliyetarajiwa kutembelea kituo, kwa hiyo matangazo yote yalikuwa ya mdomo. Mwezi ule simu za utani zilikuwa zimewachosha. Simu ikalia. Aliyepiga alikuwa bibi harusi wa miezi miwili, mtoto wa watu aliyelelewa akalelewa, akitumia simu ya duka la dawa. Aliposikia sauti ya mtu mzima, akafanya alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za kazi?"

"Njema. Sema, binti."

"Samahani, baba, nakusumbua. Nyumbani kwetu kuna moshi, unatoka chumba cha nyuma kwa mama mkwe. Ni nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Marehemu alituambia kwamba alitabasamu. Akaona hilo ni jiko la mkaa, au ni utani wa adabu. Akaweka simu chini, akainama dirishani. Chini yake alikuwepo mtu mmoja tu, dereva wa zamu, kijana aliyeitwa Breki. Jina hilo walimpa kwa kumtania, kwa sababu akiendea moto hakujua breki iko wapi. Wengine walikuwa uani nyuma wakiosha mipira, na kwa kelele za pampu hawakusikia la dirishani.

Breki akauliza, "Nini, Mzee Kengele?"

Marehemu akajibu, "Kazi!"

Breki akamwita msaidizi mmoja kutoka uani, akatoa gari dogo. Alisimama kwenye taa, akampisha mwenye baiskeli, akafanya kila kitu ambacho dereva wa "Kazi" hufanya. Walipofika, moto ulikuwa umetoboa paa. Hawakuwa na maji. Ilichukua dakika kumi na saba gari kubwa kufika. Mama mwenye chumba kile alikuwa mshona nguo, mguu wake mmoja ulikuwa mgonjwa, na hakuweza kutoka. Alifariki mle ndani pamoja na nguo za watu alizokuwa akizimalizia.

Jumatatu, tarehe 28 Septemba, wakubwa watatu walikaa kuchunguza. Breki akasema aliambiwa "Kazi." Wakamgeukia marehemu. "Wewe ulitangaza nini?" Marehemu akajibu, "Nilitangaza moto." Hata katika kitabu cha zamu alikuwa ameandika "moto," lakini aliandika baada ya kupigiwa simu ya pili kwamba nyumba inaungua. Hapakuwa na shahidi mwingine. Breki alifukuzwa siku hiyo hiyo. Posa yake ilirudishwa, maana wazazi wa mchumba wake walisema hawawezi kumpa mtoto wao mtu aliyemchelewea yule mama mshona nguo. Mjini wakamtungia neno kwamba siku aliyotakiwa akimbie ndiyo siku aliyokumbuka breki. Jina aliloitwa kwa sifa sasa akaitwa kwa dhihaka.

Marehemu hakutoa sababu ili asamehewe, lakini alizisema. Chumba cha kota kilikuwa cha kazi, ukifukuzwa unapewa siku saba utoke. Alikuwa na goti bovu na watoto watatu hai, mdogo wao akiwa na miezi mitano. "Nikasema Breki hana mtoto, ana miguu miwili, ataajiriwa popote. Nilimpimia mwenzangu maisha yake kwa kijiko changu."

Aliendelea na kazi miaka kumi na mitano na zaidi. Waliofanya kazi naye watakumbuka kwamba aliupiga marufuku ule msemo, na aliyeutamka mbele yake alifokewa bila kuelezwa kwa nini. Aliyepiga simu akisalimia, marehemu aliitikia kwanza, kisha akatangaza "Moto!" hata kama ni paka. Walilalamika kwamba Mzee Kengele anawachosha. Alipewa barua mbili za onyo, akaziweka chini ya godoro. Alistaafu tarehe 31 Machi 2003.

Kituo kilihamishwa mwaka 2009, kikapelekwa kwenye barabara mpya nje ya mji, na jengo la zamani likawa duka la vifaa vya ujenzi. Marehemu alikwenda kulitazama mara moja, akapanda ngazi polepole na fimbo yake. Muuzaji akamwuliza, "Mzee, unatafuta vigae?"

"Natafuta chumba cha simu."

"Hapa hatuna simu, mzee."

"Najua. Umepanga vyoo humo."

Alirudi nyumbani akatusimulia, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mama peke yake aliona kwamba yeye mwenyewe hakucheka, na jioni hiyo chai yake aliiacha.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi mwezi Mei 2017. Madaktari walisema mapafu yake yalichoka, na huenda moshi wa ujana wake ulichangia. Alilazwa mara tatu. Kuanzia Juni mwaka huu alikuwa mtu wa kitandani, na mkwewe, mke wa mtoto wa mwisho, ndiye aliyemuuguza pamoja na Mama, maana yeye alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Huyo mkwe ndiye aliyeandika karatasi hii.

Jumapili, tarehe 22 Septemba, mchana, nyumba ikiwa kimya, marehemu akasema, "Marahaba." Hakuna aliyemsalimia. Mkwewe akadhani homa imepanda, akamshika paji la uso, lakini lilikuwa la baridi. Marehemu akasema tena, "Marahaba, binti. Sema." Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa kidogo sana kwa mtu mwenye sauti ile.

Mama aliitwa, akaja na mikono yenye povu. Hapo marehemu akawaeleza wote wawili, kuanzia shikamoo ya yule binti mpaka mezani kwa wale wakubwa watatu. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu pumzi ilikuwa ikikatika. Alipomaliza, Mama alikaa sakafuni.

"Baba watoto, miaka thelathini na miwili nimelala kitanda kimoja na wewe na Breki?"

"Nilikuwa namaanisha kukuambia."

"Lini?"

Akamgeukia mkwewe. "Chukua kalamu, mama. Uyaandike haya yasomwe siku ya kunizika."

"Baba, mimi darasa la saba. Shemeji mkubwa anaandika vizuri kuliko mimi."

"Anaandika haraka. Anayeandika haraka huruka maneno. Wewe unaandika polepole."

Tulimsihi aitwe Breki, aje waonane. Kila tulipotaja siku, alisema kesho. Tarehe 5 Oktoba alikubali. Tukatuma mtu, lakini Breki alikuwa amesafiri. Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2019, saa nne na robo asubuhi, marehemu alikata roho, mkono mmoja ukiwa mkononi mwa Mama.

Lazima tuseme kweli kwamba karatasi hii ilitugawa. Mtoto wa kwanza, ambaye ni fundi umeme, alisema wasifu si mahakama. Alisema baba hawezi kujitetea, na watu watatoka makaburini na neno hilo moja tu, miaka sabini na moja yote waisahau. Akapendekeza tuandike kwamba "kazini ilitokea hitilafu ya mawasiliano." Mama akamjibu, "Alidanganya mbele za watu, mwanangu. Nitamnong'onea nani ukweli wake?" Wakashindana hivyo jioni nzima, na mtoto akaogopa kwamba mama yake hamwonei huruma baba. Mama alikunja mashati ya marehemu moja moja.

Alhamisi Mama, mtoto wa kwanza na mkwe walikwenda kumwona Breki. Ana kibanda cha kuziba pancha karibu na kituo cha mafuta. Sasa ana mvi, mke, na binti wawili aliowapata ukubwani. Tulimkuta akitumbukiza mpira wa gurudumu kwenye karai la maji, akitafuta mapovu. Mama alimweleza yote akiwa amesimama, akakataa kiti. Breki hakuinua macho mpaka alipoona tundu, akaliwekea alama ya chaki.

"Nilijua, shemeji," akasema.

"Ulijua?"

"Si nilikuwa nimesimama chini ya dirisha? Masikio ni yangu."

"Mbona hukuja kumwambia?"

"Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinipa chai." Akafuta mikono. "Chai yako, Mama Maji ya Joto, ilikuwa nzuri. Nikainywa, nikaondoka."

Mama akajifunika uso kwa khanga. Mtoto wa kwanza akasema, "Mzee wangu, tunakuomba utusamehe. Jumamosi tutasoma kwamba kulikuwa na hitilafu ya..."

"Hapana." Breki hakupandisha sauti. "Hayo ya hitilafu walinisomea mimi mwaka ule. 'Hitilafu ya dereva.' Msinisomee tena maneno makubwa. Someni neno alilosema. Basi."

"Utakuja?"

"Sijui. Nisiseme uongo kwenye msiba. Sijui."

Tulipofika nyumbani mtoto wa kwanza aliomba karatasi, akaukata ule mstari wa hitilafu mwenyewe, kisha akasema yeye ndiye atakayesoma, maana yeye ndiye mkubwa. Ndiye anayewasomea sasa.

Kwa hiyo familia inasema hivi, na inaomba kila aliyepo hapa akaliseme huko alikolisikia vingine. Siku ya tarehe 9 Septemba 1987 marehemu alitangaza "Kazi." Hakutangaza "Moto." Dereva aliulizwa akasema kweli, marehemu aliulizwa akasema uongo. Breki hakuchelewa, alikwenda kama alivyotumwa. Na yule mama aliyepiga simu akiwa bibi harusi, ambaye tumesikia kwamba aliishi akilaumiwa kwamba hakupiga kelele, tunamwambia popote alipo kwamba salamu yake haikuwa kosa. Aliyekosea ni aliyeipokea. Kwa watoto na wajukuu wa mama mshona nguo tunaomba radhi, tukijua kwamba radhi hairudishi mtu.

Marehemu alikuwa baba mwema kwetu. Alitubeba mabegani na goti bovu, alituimbia, hakuna aliyelala njaa kwake. Hayo nayo ni kweli, na tumejitahidi siku hizi nne kuyaweka yote mawili mahali pamoja. Hayajakaa sawasawa bado.

Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu tisa, wa mwisho akiwa na miezi saba, dada mmoja, na wenzake wanne wa zimamoto ya zamani walio hai, Breki akiwa mmoja wao. Kiti cha Breki kiko safu ya mbele, upande wa familia. Kama kina mtu au hakina, tusimwangalie vibaya.

Mungu ampokee mja wake pamoja na neno alilolisema na lile alilolificha. Pumziko alilolikosa tangu siku ile, alipate sasa.